Hayes: mlo wa familia kando ya mfereji, na haki ya kuuliza

Ndege nyingi zinazowaleta wasafiri wa Afrika Mashariki nchini Uingereza hutua katika uwanja wa Heathrow. Kaskazini tu ya uwanja huo upo mji wa Hayes, katika wilaya ya Hillingdon, magharibi mwa London. Wengi huupita bila kuujua. Lakini kwa familia iliyolala katika hoteli za karibu na uwanja, au iliyokuja kuwatembelea jamaa, Hayes ina jambo ambalo uwanja wa ndege hauna: mahali pa kuketi kando ya maji na kula kwa utulivu.

Maji hayo si ya bahari wala ya mto. Ni ya mfereji wa Grand Union, uliochimbwa na vibarua zaidi ya miaka 200 iliyopita. Siku za jua, familia hutembea ukingoni, mashua nyembamba hupita polepole, na baa na migahawa iliyo karibu na maji hutoa meza nje.

Jambo hilo laonekana jepesi. Hata hivyo, mgeni anayeketi mezani na watoto wake hukutana na sheria, desturi na gharama ambazo si zote zimeandikwa katika orodha ya vyakula. Kwetu, mgeni mwenye adabu hula alichoandaliwa. Hahoji kilichotiwa chunguni. Katika mgahawa wa Uingereza adabu hiyo inaweza kuigharimu familia fedha, na wakati mwingine uhai.

Mfereji wa kazi uliogeuka wa mapumziko

Bunge la Uingereza liliidhinisha ujenzi wa mfereji huo mwaka 1793, wakati huo ukiitwa Grand Junction, na mhandisi wake mkuu alikuwa William Jessop. Sehemu inayopita Hayes, kutoka Brentford hadi Uxbridge, ilifunguliwa mwaka 1794. Mwaka 1801 tawi la kuelekea Paddington, katikati ya London, lilianza kutumika. Tawi hilo linaachana na mfereji mkuu mahali paitwapo Bull's Bridge, mjini Hayes. Jina la Grand Union lilikuja mwaka 1929, baada ya makampuni kadhaa ya mifereji kuungana.

Mashua zilivutwa na farasi waliotembea ukingoni, na njia yao ndiyo wanayoipita leo watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Udongo wa Hayes ulichomwa matofali, na matofali hayo yakapelekwa kwa maji kujenga nyumba za London. Baadaye vilikuja viwanda. Kiwanda cha kakao kilichojengwa mwaka 1913 kando ya mfereji kilinunuliwa na Nestlé mwaka 1929, kikawa kikitengeneza chokoleti na kahawa ya unga hadi kilipofungwa mwaka 2014. Eneo hilo sasa lina makazi mapya.

Jirani na hapo, kampuni ya Gramophone ilianza kujenga kiwanda chake cha santuri mwaka 1907. Kampuni hiyo, yenye nembo ya His Master's Voice, ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad wa Zanzibar mjini Bombay mwaka 1928.

Msomaji anayeijua Zanzibar hataona ajabu kwamba mahali pa kazi pamegeuka mahali pa kula. Forodhani, ambako leo watu huketi jioni kula urojo na mishikaki, jina lake latokana na forodha, yaani ushuru wa bidhaa zilizoshushwa bandarini. Bustani yake ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Tofauti ni kwamba Forodhani mteja huona chakula kikichomwa mbele ya macho yake. Hayes, kama ilivyo kwingineko Uingereza, jiko liko nyuma ya mlango. Asichokiona mteja hana budi kukiuliza.

Mhogo katika orodha ya vyakula

Si kila kitakachokuwa mezani ni kigeni. Mashariki mwa Hayes, ukifuata mfereji huo huo, upo mji wa Southall, kitovu cha jamii zenye asili ya Punjab. Miongoni mwa waliohamia magharibi mwa London ni Waasia waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Walikuja na ladha walizozizoea. Mgahawa wa Brilliant wa Southall, kwa mfano, ulianzishwa mwaka 1975 na familia ya Anand, ambayo kabla ya hapo ilikuwa katika biashara ya chakula mjini Nairobi.

Ndiyo sababu katika migahawa ya eneo hili msafiri anaweza kukuta neno mogo katika orodha ya vyakula. Ni mhogo huu huu wetu, uliokatwa vipande, ukakaangwa na kutiwa pilipili.

Katika baa za Kiingereza hali ni nyingine. Jumapili mchana, chakula kikuu ni nyama iliyookwa, viazi, mboga na mchuzi mzito. Siku nyingine aghalabu ni samaki wa kukaanga na chipsi. Majiko mengine hufungwa kati ya mchana na jioni, hivyo ni busara kupiga simu kwanza, hasa ikiwa familia ni kubwa.

Kifo kilichobadilisha sheria

Mwezi Julai 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate wenye kujazwa katika uwanja wa Heathrow kabla ya kupanda ndege kwenda Nice, Ufaransa, pamoja na baba yake. Alikuwa na mzio wa ufuta, na alikuwa na desturi ya kusoma vibandiko vya vyakula kwa makini. Ufuta ulikuwa ndani ya unga wa mkate, na kibandiko hakikuutaja, kwa kuwa sheria ya wakati huo haikulazimisha hivyo kwa chakula kilichotayarishwa pale pale dukani. Alizidiwa akiwa angani. Alichomwa sindano mbili za dawa ya dharura, lakini alifariki dunia siku hiyo hiyo.

Wazazi wake walidai mabadiliko. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021, chakula kinachofungashwa mahali pale pale kinapouzwa lazima kiwe na orodha kamili ya viungo, na vile vinavyosababisha mzio vikolezwe maandishi.

Kwa upande wa migahawa, sheria iliyoanza Desemba 2014 inaitaka kila biashara iweze kumwambia mteja ni chakula kipi kina kiungo chochote kati ya 14 vinavyojulikana kusababisha mzio. Ndani ya orodha hiyo wamo karanga, korosho na lozi, ufuta, maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, pweza na chaza, soya, haradali, na nafaka kama ngano. Maelezo yanaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi. Machi 2025, mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza ilishauri kwamba yawe yanapatikana kwa maandishi, na mhudumu pia azungumze na mteja.

Kwa familia zetu jambo hili lina uzito wa pekee. Karanga, korosho na simsim ni vyakula vya kila siku, na mzazi anaweza kuona haya kusema mbele ya watu kwamba mwanawe havipatani naye. Uingereza swali hilo huulizwa kila siku. Mgahawa usioweza kulijibu haufai kumlisha mtoto huyo.

Nyama halali na mafuta ya kukaangia

Hakuna sheria ya Uingereza inayoulazimisha mgahawa kusema kama nyama yake ni halali. Vipo vyombo vya Waislamu vinavyotoa vyeti, vikiwemo Halal Food Authority, kilichoanzishwa mwaka 1994, na Halal Monitoring Committee, kilichoanzishwa mwaka 2003. Navyo havifanani. Cha pili hakikubali mnyama apigwe ganzi kabla ya kuchinjwa, ilhali cha kwanza kinakubali aina fulani za ganzi isiyomuua mnyama. Anayejali tofauti hiyo aulize ni cheti gani kinachotumika.

Aulize pia kuhusu mafuta. Chipsi au samaki anaweza kuwa amekaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa vyakula vingine, au katika mafuta ya ng'ombe. Mchuzi nao huweza kuwa na mvinyo.

Watoto, vileo na moshi

Baa ya Kiingereza si lazima iwe mahali pa ulevi. Nyingi ni migahawa ya familia. Sheria inataka mtoto wa chini ya miaka 16 aandamane na mtu mzima katika mahali ambapo biashara yake kuu ni vileo. Baa nyingine huweka saa ambayo watoto wanatakiwa kuwa wameondoka. Umri wa kununua kileo ni miaka 18. Hata hivyo, kijana wa miaka 16 au 17 anaruhusiwa kunywa bia, mvinyo au sida pamoja na mlo, ikiwa mtu mzima aliye naye ndiye aliyenunua. Mzazi asiyetaka hilo litokee ni vyema azungumze na jamaa wenyeji kabla ya kuketi.

Kuvuta sigara ndani ya baa na migahawa kumepigwa marufuku nchini England tangu Julai 2007. Matokeo yake ni kwamba wavutaji hukaa nje, na meza za kando ya maji ziko nje. Familia yenye mtoto mwenye pumu inaweza kuomba meza iliyo mbali nao, au ikae ndani karibu na dirisha.

Hesabu ya bili

Bei iliyoandikwa huwa tayari imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani. Kinachowashangaza wageni ni ada ya huduma, ambayo mara nyingi huwa asilimia 12.5. Kwa bili ya pauni 80, ada hiyo ni pauni 10, na jumla inakuwa pauni 90. Ikiwa imeandikwa kwamba ni ya hiari, mteja ana haki ya kuomba iondolewe. Asiyetaka kuiondoa ajue fedha zake zinakwenda wapi: tangu tarehe 1 Oktoba 2024, sheria inamtaka mwajiri awagawie wafanyakazi bakshishi na ada hizo zote bila kujikatia fungu lake.

Jambo lingine ni maji ya kunywa. Nchini England na Wales, mahali penye leseni ya kuuza vileo vya kunywewa papo hapo hutakiwa kumpa mteja maji ya bomba bila malipo akiomba. Ni salama kunywa. Anayesema "maji" tu anaweza kuletewa chupa ya kulipia, kwa hiyo ataje kwamba anataka ya bomba.

Usafi wa jiko nao una alama, kuanzia 0 hadi 5. Wales na Ireland Kaskazini sheria inalazimisha alama hiyo ibandikwe mlangoni. England haijalazimisha, lakini mtu yeyote anaweza kuitafuta katika intaneti kabla ya kutoka hotelini.

Maji ya kutazama

Kingo za mfereji kwa sehemu kubwa hazina uzio, na waendesha baiskeli hupita katika njia ile ile ya watembea kwa miguu. Mtoto mdogo ashikwe mkono na atembee upande ulio mbali na maji.

Maji hayo si ya kuchezea. Yanaweza kuwa na vijidudu vitokanavyo na mkojo wa panya, vinavyosababisha ugonjwa uleule uliozuka mkoani Lindi, Tanzania, mwaka 2022, ukajulikana kwa jina la homa ya mgunda. Aliyegusa maji, au aliyekuwa akiwarushia bata chakula, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kufika Hayes si kazi kubwa. Treni za Elizabeth, zilizoanza kutumia jina hilo katika njia hii mwezi Mei 2022, zinaunganisha Heathrow na kituo cha Hayes & Harlington, na mfereji uko karibu na kituo. Lakini msafiri anayebadilisha ndege tu akumbuke kwamba raia wa Kenya, Tanzania na Uganda huhitaji viza ili kuvuka mlango wa uhamiaji. Ile ya msafiri anayepita hutoa muda usiozidi saa 48, na inaombwa kabla ya safari.

Katika familia nyingi zilizohamia Uingereza, mtoto ndiye anayejua Kiingereza kuliko wote, naye ndiye hugeuzwa mkalimani mezani. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuagiza soda na chipsi. Asiachiwe kueleza mzio wa ndugu yake. Ni heri jamaa mwenye kuimudu lugha aandike kwenye kikaratasi chakula kinachomdhuru mtoto, na mzazi amkabidhi mhudumu kabla ya kuagiza. Kuuliza si ujinga, na hapa si utovu wa adabu pia: kujibu ni sehemu ya kazi ya mhudumu, na sheria imemlazimisha mwajiri wake kuwa na jibu.