Taarifa Zinazopanda na Zisizorudi: Mifumo ya Taarifa na Biashara ya Mazao Ufipa

Taaluma ya mifumo ya taarifa za menejimenti huchunguza namna habari za shughuli za kila siku zinavyokusanywa, kuhifadhiwa, kuchambuliwa na kumfikia yule anayepaswa kuamua, zikiwa sahihi na zikiwa bado hazijapitwa na wakati. Kwa kuwa vyuo vinavyoifundisha nchini Tanzania, kama vile Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), huiweka jirani na masomo ya kompyuta, watu wengi huidhani kuwa ni elimu ya mashine. Mashine ni sehemu tu ya jambo lenyewe, kwani mfumo wa taarifa ni mkusanyiko wa watu, taratibu, kumbukumbu na zana, hata pale ambapo zana pekee iliyopo ni daftari la kaunta na kalamu. Kwa maana hiyo, mwenye duka la pembejeo katika kata ya Kate, wilayani Nkasi, kwenye uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, tayari anao mfumo wa taarifa, na suala la kitaalamu ni kama mfumo huo unamsaidia kuamua au unamsaidia kukumbuka tu.

Wataalamu hutofautisha data na taarifa. Data ni rekodi ghafi ya tukio, kwa mfano kwamba mkulima fulani amechukua mifuko miwili ya mbolea kwa mali kauli, yaani bila kulipa papo hapo, kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno. Data hizo huwa taarifa zinapopangwa kwa namna inayojibu swali la mwenye kuamua: ni wateja wangapi wanaodaiwa, ni kiasi gani cha mtaji kimefungwa katika madeni hayo, na je, kilichobaki mkononi kinatosha kuagiza mzigo mwingine kutoka Sumbawanga kabla mvua hazijaanza? Daftari lililoandikwa kwa mfuatano wa tarehe linaweza kuwa na data zote hizo bila hitilafu yoyote na bado lisiweze kutoa hata jibu moja kati ya hayo, mpaka mtu akae usiku kucha akihesabu ukurasa baada ya ukurasa. Hapo ndipo kompyuta, au hata programu ndogo ya simu, inapopata kazi yake ya halali, kwa kuwa hupanga upya rekodi zilezile kwa jina, kwa bidhaa, kwa kijiji au kwa muda wa deni.

Mwaka 1965 Robert Anthony, mwanazuoni wa Marekani, aligawa maamuzi ya menejimenti katika ngazi tatu ambazo hadi leo hutumika kufundishia: udhibiti wa shughuli za kila siku, udhibiti wa rasilimali za taasisi, na upangaji wa mwelekeo wa muda mrefu. Kila ngazi huhitaji taarifa za aina yake. Mtunza stoo wa chama cha msingi cha ushirika wa mazao, yaani AMCOS, anahitaji kujua leo hii ni magunia mangapi yameingia na yana uzito gani. Meneja anahitaji kujua kila mwezi kama gharama za usafirishaji zimepanda kuliko makisio. Bodi, kwa upande wake, inahitaji picha ya misimu kadhaa ili iamue kama chama kiongeze ghala, kinunue mashine ya kukoboa, au kihimize wanachama walime alizeti zaidi na mahindi kidogo. Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kuipelekea bodi rundo la stakabadhi za ghalani na kumpelekea mtunza stoo hotuba kuhusu dira ya chama.

Historia ya fani hii ilianzia katika biashara ya chai na keki. Kampuni ya J. Lyons ya London, iliyokuwa ikiendesha migahawa mingi ya chai nchini Uingereza, iliunda kompyuta yake yenyewe iliyoitwa LEO, na mnamo Novemba 1951 mashine hiyo ilianza kukokotoa thamani ya bidhaa za mikate za kampuni, kazi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kawaida ya kibiashara kufanywa na kompyuta. Kinachostahili kuzingatiwa zaidi kuliko mashine yenyewe ni utaratibu uliobuniwa kuizunguka na kikundi cha wachambuzi kilichoongozwa na David Caminer. Kila mgahawa ulikuwa na oda yake ya kudumu, na msimamizi wake alipiga simu kutaja tu mabadiliko ya siku hiyo, ili kisirekodiwe upya kile ambacho hakikubadilika. Wachambuzi hao walianza kwa kuielewa kazi, wakaondoa hatua zisizo na faida, ndipo wakaikabidhi mashine kilichobaki.

Tanzania ilijifunza somo hilohilo kwa njia ya uchungu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na miaka iliyofuata Serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake katika mfumo wa kompyuta wakati ambapo wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno na utegemezi kwa wageni ulikuwa mkubwa. Hesabu zilivurugika, fedha nyingi zikapotea, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ni rahisi leo kuicheka amri ile, lakini waliohusika hawakuwa wajinga: waliona chombo ambacho hakuna aliyeweza kukitawala, wakakizuia. Richard Heeks, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, aliieleza hali ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama pengo baina ya usanifu na uhalisia, yaani umbali kati ya kile ambacho mfumo unadhani kipo mahali utakapotumika na kile ambacho kweli kipo. Kadiri pengo linavyokuwa pana, ndivyo uwezekano wa mfumo kushindwa unavyoongezeka, hata kama programu yake haina kasoro.

Kipimo cha pengo hilo kinafaa sana kuelezea mfumo wa kidijitali wa ruzuku ya mbolea, ambao kwa miaka ya karibuni umeigusa Ufipa kuliko mfumo mwingine wowote wa biashara, pengine ukiacha huduma za fedha kwa simu. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mpango huo Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, wakati wa sherehe za Nane Nane, na bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea kama urea na DAP ikashushwa hadi shilingi 70,000. Chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), mkulima huandikishwa kijijini na kupewa namba yake, wakala wa pembejeo huhakiki namba hiyo wakati wa kuuza, na mfuko wenyewe hubeba alama inayosomwa kwa simu, ili Serikali ilipe sehemu yake ya bei kwa mbolea iliyothibitika kuuzwa kwa mkulima aliyesajiliwa. Kwa lugha ya taaluma, huu ni mfumo wa kuchakata miamala, yaani mfumo unaorekodi kila tukio la biashara linapotokea na kulihakiki papo hapo.

Kwa upande wa udhibiti, usanifu huo una mantiki. Mpango wa vocha za karatasi uliotumika nchini kuanzia mwaka 2008 uliacha nafasi kubwa ya vocha kuuzwa au kuandikiwa watu wasiokuwapo, na mfumo unaounganisha mtu, mfuko na malipo huibana nafasi hiyo. Hata hivyo, mfumo ulidhani mambo kadhaa ambayo hayakuwa ya kweli kila mahali: kwamba mtandao wa simu unashika pale mauzo yanapofanyika, kwamba wakala ana mtaji wa kusubiri malipo ya Serikali, na kwamba kituo cha mauzo kipo karibu na shamba. Msimu wa kwanza ukashuhudia misururu mirefu katika sehemu nyingi za nchi. Kwa duka la kijijini, kusubiri malipo ni kukosa fedha za kuagiza mzigo mwingine, na Ufipa, ambako mvua huja msimu mmoja tu kwa mwaka, mbolea inayofika baada ya mahindi kupita magoti haina mnunuzi.

Kuna upungufu mwingine unaozungumzwa mara chache, ingawa kitaalamu ndio mzito zaidi. Mfumo wa ruzuku hukusanya data ambazo wakala wa Kate hajawahi kuwa nazo kwa ukamilifu: idadi ya wakulima wa eneo lake, ukubwa wa mashamba waliyoyatangaza, aina ya mbolea wanayochagua na wiki wanayoinunua. Data hizo hupanda kwenda juu, ambako hutumika kuhakiki malipo na kuandaa takwimu za Wizara ya Kilimo. Lau muhtasari wake ungerudi kwa wakala kabla ya Septemba, hata kama ni mistari michache inayosema kata yake ilinunua mifuko mingapi ya mbolea ya kupandia na mingapi ya kukuzia katika msimu uliopita, angeagiza kwa hesabu. Mfumo unaotumikia ngazi ya juu peke yake hugeuka kuwa mzigo wa uandishi kwa ngazi ya chini, na anayebebeshwa mzigo asioona faida yake huandika ovyo, kisha ngazi ya juu hupokea takwimu mbovu na kushangaa.

Huduma za fedha kwa simu ni mfano wa kinyume chake, na ndiyo sababu zimeenea bila kuhimizwa sana tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008. Wakala wa huduma hizo huendesha akiba mbili kwa wakati mmoja, fedha taslimu na floti, yaani salio la kielektroniki, na kila muamala huongeza moja na kupunguza nyingine. Wakati wa mavuno wanunuzi hutuma fedha na wakulima huja kutoa, hivyo taslimu huisha huku floti ikirundikana. Wakati wa kununua pembejeo hali hugeuka. Orodha ya miamala ya misimu miwili, ikipangwa kwa wiki, humwonyesha wakala ni lini afuate fedha benki Namanyere na ni lini abaki dukani. Hicho, kwa kiwango chake, ni kile ambacho vitabu hukiita mfumo wa kusaidia uamuzi. Taarifa imerudi kwa aliyeizalisha, na imerudi mapema.

Inafuata kuuliza kama taarifa za bei zingeleta nafuu hiyohiyo kwa muuza mahindi. Utafiti unaonukuliwa sana ni wa Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007, kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kerala nchini India, ambao baada ya simu za mkononi kuenea pwani yao kati ya 1997 na 2001 walianza kuulizia bei wakiwa bado baharini. Tofauti za bei kati ya soko na soko zikapungua sana, samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa takriban asilimia 4. Matokeo hayo yana ukweli, lakini kuyahamishia Ufipa bila tahadhari ni kosa la uchambuzi. Mvuvi wa Kerala aliweza kugeuza usukani akaenda bandari nyingine. Mkulima aliyekopa mbolea kwa mnunuzi kwa ahadi ya kulipa mahindi anaweza kuijua vizuri bei ya soko la Tunduma au bei ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) na asiweze kuifuata, kwa sababu mahindi yake yalikwisha kuuzwa yakiwa bado shambani. Kwake yeye taarifa yenye manufaa zaidi ni ya uzito, kwa kuwa gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, humpunja hata pale bei ya gunia inapoonekana nzuri. Mizani ya ghala la AMCOS ni teknolojia ya taarifa, na pengine ndiyo inayolipa haraka kuliko zote.

Kwa sababu hiyo mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, unastahili kutazamwa kama mfumo wa taarifa na si kama utaratibu wa kuhifadhi mazao tu. Stakabadhi hutaja mwenye mali, uzito na daraja la ubora, na kwa kufanya hivyo huwezesha mzigo kuuzwa na mnunuzi asiyeuona, au kuwekwa dhamana ya mkopo. Minada ya korosho iliyofanyika kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) kuanzia msimu wa 2024 iliwezekana kwa sababu kumbukumbu za maghala zilikuwa zikiaminika kiasi cha kutosha kwa mtu aliye mbali kuweka fedha zake. Mahindi ni kesi ngumu zaidi, kwani ni chakula kabla ya kuwa biashara, huuzwa kidogo kidogo kila familia inapobanwa na ada au matibabu, na hushambuliwa na dumuzi yakihifadhiwa bila uangalifu. Chama kinachotaka kuanza hakihitaji kompyuta kwanza. Kinahitaji mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, kipima unyevu, karani anayeandika siku hiyohiyo, na nakala inayobaki mikononi mwa mkulima.

Pindi kumbukumbu hizo zitakapohamia kwenye kompyuta au simu, karani huyo atakuwa anashika majina, namba za simu, namba za vitambulisho vya taifa na madeni ya majirani zake, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, hizo si mali ya chama kuzigawa kwa mnunuzi au kampuni ya mikopo inayoziomba. Sheria hutaka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zitumike kwa lengo hilo, na chombo cha kuisimamia ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Katika AMCOS ndogo swali hilo huja kwa sura ya kawaida kabisa: nani anaruhusiwa kufungua orodha ya wadaiwa, na simu ya chama hulala nyumbani kwa nani.