Jicho la paka likilegea baada ya kutiwa mrija shingoni

Sisi watu wa pwani na paka tumezoeana. Lakini paka mwenye mrija wa chakula shingoni ni wachache wetu waliomwona, ndiyo maana jicho lake likibadilika ghafla mwenyewe hubabaika. Mimi si daktari, ila jambo hili nimelifuatilia, na naona lafaa tulielewe.

Paka akikaa siku chache bila kula, hasa aliye mnene, mafuta ya mwilini huenda kujaa kwenye ini. Maradhi hayo huua. Kumwokoa, daktari wa mifugo humlaza kwa dawa ya usingizi, akampitishia mrija laini hadi kwenye umio, mara nyingi kupitia upande wa kushoto wa shingo. Chakula kilichosagwa laini husukumwa humo kwa bomba la sindano.

Sasa, shingo ya paka ni nyembamba. Karibu na umio umepita mshipa mkubwa wa damu, na ubavuni mwake iko neva inayopanda hadi jichoni. Neva hiyo ndiyo hupanua mboni na kusaidia kope kukaa wazi. Ikijeruhiwa, au ikibanwa na uvimbe, damu iliyovilia au usaha, jicho la upande huo huo hubadilika. Mboni huwa ndogo, kope la juu hulegea, jicho huingia ndani kidogo, na kile kiwambo cha pembeni karibu na pua hupanda na kulifunika kiasi. Mtazame penye mwanga hafifu: mboni ya jicho zima itapanuka, ya pili itabaki ndogo. Hali hii imepewa jina la Johann Friedrich Horner, daktari wa macho wa Uswisi aliyeieleza kwa binadamu mwaka 1869.

Ninalosisitiza ni hili: usiung'oe mrija mwenyewe. Kulegea huko peke yake hakuumi wala hakupofushi, na mara nyingi hupungua baada ya wiki kadhaa, ingawa neva ikikatika huenda jicho likabaki hivyo. Lakini paka asiyekula hawezi kungoja wiki kadhaa. Mpigie daktari siku hiyo hiyo, umweleze lilianza lini. Likianza siku kadhaa baada ya mrija kutiwa, na kidonda kimevimba au kinatoa usaha, hiyo ni dalili ya kidonda kuingia vijidudu. Daktari ndiye wa kuamua mrija ubaki au utolewe.

Jicho likiwa jekundu, lenye ukungu, linatoa tongo au paka analifumba kwa maumivu, hilo ni tatizo jingine na halingoji kesho. Wala usimtie dawa ya macho ya binadamu iliyobaki kabatini. Ziko zinazozidisha kidonda cha jicho.

Kabla hujamchukua paka nyumbani, uliza mambo matatu: kidonda kisafishwe vipi, mrija usuuzwe kwa maji kiasi gani kila baada ya kumlisha, na nani wa kupigiwa usiku.