Fremu Ndiyo Inayotembea

Ukisimama mbele ya mashine ya kudarizi inayofanya kazi, jicho hukimbilia sindano. Inapanda na kushuka kwa kasi, uzi unang'aa, ua linachanua. Lakini sindano haiendi popote. Kinachotembea ni fremu: kushoto, kulia, mbele, nyuma, huku imekibana kitambaa, na ndiyo inayoamua tundu linalofuata litobolewe wapi. Ndivyo ilivyokuwa tangu Josué Heilmann wa mji wa Mulhouse, Ufaransa, alipounda mashine yake ya kudarizi mwaka 1828. Mfanyakazi alifuatisha mchoro mkubwa kwa mkono wa pantografu, na fremu yenye kitambaa ikasogea kwa hatua ndogo mbele ya safu za sindano. Leo kazi ya mkono ule inafanywa na faili la kompyuta. Kitambaa bado ndicho kinachosafiri.

Jambo hili ni msingi wa kila kitu nitakachoeleza hapa. Kasoro nyingi ambazo watu huzilalamikia, kama duara lililogeuka yai, mpaka wa nakshi ulioachana na kipande chake, au kitambaa kilichokunjamana kuzunguka ua, hazitokani na ubovu wa mashine. Kitambaa kilisogea ndani ya fremu, basi. Na hakuna kazi inayofundisha somo hili vizuri kama vitu vidogo vya nyumbani vyenye matabaka: kishikio cha sufuria, kitambaa cha kuwekea kikombe, foronya ya mto wa kochi, kipochi cha vipodozi. Humo mna vitambaa vitatu au vinne, na kila kimoja kinataka kusogea kwa namna yake.

Kazi ya matabaka yaliyoshonwa pamoja huitwa mfarishi inapokuwa kubwa ya kitandani. Juu kuna kitambaa cha kupendeza, mara nyingi cha vipande vilivyounganishwa. Katikati kuna pamba au kitu kingine cha kutia unene. Chini kuna kitambaa cha kufunika. Mistari ya mshono inayopita kote ndiyo inayoyafanya matabaka hayo kuwa kitu kimoja. Watu wa pwani wanaujua ufundi huu hata kama hawalali chini ya mifarishi: kofia ya mkono ya Kiswahili ni tabaka juu ya tabaka la kitambaa cheupe, limeshonwa mshono baada ya mshono mpaka likasimama lenyewe kichwani. Na ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanawake wa jamii ya Siddi, ambao asili yao ni Afrika, hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi kutokana na nguo chakavu. Huanzia pembeni wakizunguka kuelekea katikati, kila kipande kikikanyagia ukingo wa kile kilichotangulia, na kwenye pembe huweka vipande vidogo vilivyokunjwa kwa pembetatu. Mshono wao ni mwingi na uko karibu karibu. Matabaka hayana nafasi ya kuhama.

Mashine inalitimiza hitaji hilohilo kwa njia nyingine, na hapa inafaa tuelewe kinachotokea. Kila mshono wa kudarizi unakivuta kitambaa kuelekea upande uzi unakolala, na unakisukuma kwenda nje upande wa pili. Mishono elfu tano ikirundikana katika eneo la kiganja, mvuto huo unakuwa mkubwa. Kitambaa cha pamba kilichofumwa imara kinastahimili kiasi. Kitambaa kinachonyumbuka, kama cha fulana, hakistahimili hata kidogo. Ndiyo sababu chini ya kitambaa huwekwa karatasi ya kudarizia, ambayo kwa kweli ni nguo isiyofumwa, yaani nyuzi zilizogandamizwa pamoja zisiwe na upande wa kunyumbuka. Ziko za kuchanika kwa mkono kazi ikiisha, za kukatwa kwa mkasi na kubaki ndani milele, na za kuyeyuka kwenye maji. Kwa kazi za matabaka mimi napendelea ile ya kukatwa, iliyo nyepesi. Itafichwa ndani hata hivyo, na itaendelea kukishika kitambaa baada ya kufuliwa mara nyingi. Ya kuchanika ni rahisi, lakini ukiichana kwa nguvu unailegeza mishono uliyoihangaikia.

Karatasi ndiyo ibanwe kwenye fremu, si lazima kitambaa. Ibane mpaka ukiigusa katikati isibonyee, kisha kaza skrubu. Usiivute kwa kucha baada ya kukaza, kwa sababu kilichovutwa kitarudi mahali pake kazi ikitoka kwenye fremu, na hapo ndipo mikunjo huzaliwa.

Sasa kitambaa. Kitenge na kanga za pamba ni nzuri mno kwa kazi hizi: zimefumwa imara, hazichuruziki nyuzi ovyo, na rangi zake zina uhai ambao uzi wa nakshi unaufuata tu. Lakini mpya huja zimetiwa wanga, na pamba hurudi ikifuliwa. Ukishona kitenge kipya juu ya taulo lililofuliwa miaka mingi, siku ya kwanza ya kufua kimoja kitarudi na kingine kitabaki, na kazi yako itajikunja. Fua kwanza, anika, piga pasi. Nyekundu na bluu iliyokoza zifuliwe peke yake mpaka maji yatoke safi. Kuhusu kanga nina neno moja: kabla hujakata, soma jina lake. Jina lililokatwa katikati ya neno linakera kila anayelitazama, ilhali jina zima linaweza kuwekwa kwenye foronya ya mto likawa ndilo pambo, bila hata kudarizi chochote juu yake. Pindo nalo lina michoro inayojirudia, kwa hiyo linatoa vipande vinavyofanana vya kuzungushia.

Tabaka la kati linahitaji umakini zaidi kuliko yote, hasa kwa kishikio cha sufuria, kwa sababu hapo kosa linaunguza mkono. Pamba nyeupe inayouzwa kwa kujazia mito ya kochi, nyepesi na yenye kurudi juu ukiibonyeza, kwa kawaida ni poliesta. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hadi 260 hivi, na hulainika kabla ya kufika hapo. Kikaango cha chuma kilichosahaulika juu ya moto kinaweza kufika kiwango hicho, na poliesta iliyoyeyuka huganda kwenye ngozi. Sponji ya godoro ni mbaya zaidi kwa kuwa inashika moto upesi. Kwa kitu chochote kitakachogusa sufuria, tumia pamba halisi: tabaka mbili za taulo la zamani, au kanga chakavu iliyokunjwa mara tatu au nne. Uzi wa kuchora mistari nao uwe wa pamba, na nakshi nzito ya poliesta isiwekwe mahali kiganja kinaposhikia chuma. Na kishikio kikilowa, kisitumike mpaka kikauke, maana maji hupitisha joto haraka sana kuliko pamba kavu. Poliesta iache kwa mito na vipochi, ambako inafaa kabisa.

Tuchukue kishikio chenye upande wa sentimita 17, kinachoingia kwenye fremu ya milimita 200 kwa 200. Mwenye fremu ndogo ya milimita 100 kwa 100 aanze na kitambaa cha kikombe. Hatua ni zilezile. Mashine kwanza inashona mstari wa mraba kwenye karatasi tupu. Huo ni ramani tu, unakuonyesha mahali pa kuweka vitu. Unalaza taulo juu ya mraba ule likizidi kidogo kila upande, mashine inashona tena mzunguko uleule na kulibandika. Hapo unaitoa fremu kwenye mashine, lakini karatasi huitoi kwenye fremu kamwe, na unakata taulo lililozidi karibu kabisa na mshono, milimita mbili hivi, kwa mkasi mdogo wenye ncha iliyopinda. Ukiacha taulo limezidi, kingo za kishikio zitakuwa nene na pembe hazitachongoka.

Kisha vipande. Cha kwanza kinalazwa uso ukiangalia juu. Cha pili kinalazwa juu yake uso ukiangalia chini, ukingo kwa ukingo, na mashine inapitisha mstari mmoja milimita 6 kutoka ukingoni. Unakifunua cha pili kikalala upande wake, unapitisha ukucha au pasi ndogo kwenye mshono, halafu cha tatu kinakuja vivyo hivyo. Mshono wa kuunganishia unafichika chini, juu unaona vipande vimekutana kwa mstari ulionyooka kuliko mkono wa mtu yeyote. Hapa kila kipande kipigwe pasi kabla ya kingine kuwekwa. Anayeruka hatua hii ataona mkunjo ulioshonewa ndani, na hautoki tena.

Vipande vikishakamilika ndipo mashine inachora mistari ya kushikamanisha matabaka: mawimbi, almasi, majani ya mkorosho, chochote. Mishono iwe na urefu wa milimita 2.5 hadi 3 na michoro iwe myepesi. Wanaoanza hupenda kuweka ua zito lililojazwa uzi katikati ya kazi ya matabaka, na matokeo yake ni kibao kigumu kisichokunjika mkononi. Kazi ya matabaka inapendeza kwa mabonde na vilima vinavyotokea kati ya mistari. Ukijaza uzi kila mahali umeviua.

Mwisho unaweka kitanzi cha kuning'inizia, kikiwa kimeelekea ndani, ukilaza kitambaa cha nyuma uso ukiangalia chini juu ya kila kitu. Mashine inazunguka mara ya mwisho na kuacha mdomo wa sentimita 7 hivi upande mmoja. Toa kazi kwenye fremu, punguza kingo, kata pembe kimshazari bila kugusa mshono, geuza ndani nje, sukuma pembe kwa kijiti butu, kisha ziba mdomo kwa sindano ya mkono. Kwa foronya ndogo, nyuma huwekwa vipande viwili vinavyopishana, mto unaingilia hapo, na hakuna haja ya zipu.

Mashine inajuaje kusimama kila hatua ili uweke kitambaa? Haijui. Mtengenezaji wa faili amezipa hatua rangi tofauti, na mashine ya sindano moja husimama kila inapodhani ni wakati wa kubadili uzi. Wewe hubadilishi uzi, unaweka kipande tu na kubonyeza tena. Kwa hiyo usiunganishe rangi za faili kwa nia ya kuokoa muda. Utakuwa umefuta vituo vyote. Wenye mashine za sindano nyingi, zile za kudarizi nembo za shule, wajihadhari zaidi: mashine yao huhamia sindano nyingine na kuendelea, kwa hiyo vituo lazima viwekwe kwa mkono kabla ya kuanza. Tena faili la DST, ambalo karibu mashine zote za biashara hulisoma, halibebi rangi halisi za nyuzi, linabeba vituo tu. Weka karatasi ya maelezo ya hatua pembeni mwako.

Sindano namba 75/11 inatosha kitambaa kimoja. Kwa taulo na matabaka panda hadi 90/14, na ibadilishe mara inapoanza kutoa mlio wa kugonga. Uzi wa juu namba 40 ni wa kawaida, wa bobini huwa mwembamba zaidi, namba 60 au 90, kwa sababu kwenye nyuzi hizi namba kubwa ni uzi mwembamba. Punguza kasi hadi mishono 400 au 600 kwa dakika. Geuza kitambaa cha majaribio utazame nyuma ya mshono mpana: uzi wa bobini uonekane kama theluthi moja, katikati. Ukitawala nyuma nzima, uzi wa juu umekazwa mno.

Umeme nao una sauti yake katika kazi hii. Mashine zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani ni za volti 120, za soko la ndani la Japani ni za volti 100, na soketi zetu zinatoa 220 hadi 240. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka, na nunua transfoma kama inahitajika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiibandue karatasi kwenye fremu. Ukirudi, tafuta namba ya mshono ulipoishia, rudi nyuma kidogo, endelea.

Faili za vishikio na vipochi zinauzwa mtandaoni tayari, na kwa kuanzia zinafaa. Anayetaka kuchora zake anaweza kutumia Ink/Stitch, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya Inkscape. Ajue tu kwamba picha haigeuki nakshi yenyewe. Ni lazima mtu aamue kila eneo lishonwe kuelekea wapi na kwa mpangilio gani, na aliongeze upana kidogo mahali mvuto utakapolipunguza.

Anza na kishikio kimoja cha pamba tupu, mistari miepesi, bila ua. Vipande vya kitenge usivinunue: mwombe fundi wa mtaani kwako akuwekee masalio ya kitambaa kabla hajafagia jioni.