Ushuhuda wa nusu unaweza kuua

Jumapili moja miaka michache iliyopita, dada yangu mdogo alisimama mbele ya kanisa letu hapa Lurujo akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka sita. Alikuja kumshukuru Mungu. Mchungaji akampa kipaza sauti. Dada akaeleza jinsi taya la mtoto lilivyovimba, meno yakalegea moja baada ya jingine, hata uso ukawa hautambuliki. Akaeleza tulivyofunga na kuomba. Alipofika kwenye neno "hospitali", Mchungaji akapaza sauti, "Haleluya!" na kipaza sauti kikarudi mkononi mwake. Ngoma zikaanza.

Mimi nilikuwa benchi la pili. Sehemu iliyokatwa niliijua, kwa kuwa ni mimi niliyempakia mtoto yule kwenye bodaboda. Lakini sikusema kitu.

Sehemu yenyewe ni hii. Uvimbe ulipoanza, dada alidhani ni jino. Mchungaji akaagiza siku 21 za maombi, akaonya kwamba anayekimbilia dawa katikati ya mfungo anamwambia Mungu kuwa hamwamini. Dada aliniuliza, "Kaka, wewe ndiye uliyesoma. Tufanye nini?" Nikamjibu tungoje. Niliogopa kuitwa mtu wa imani haba. Siku ya kumi na mbili mtoto alishindwa hata kumeza uji, ndipo tukaondoka. Kituo cha afya kilituandikia rufaa, na huko mbele daktari akatuambia ni uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto ambayo inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hebu hesabu mwenyewe zile siku kumi na mbili. Mtoto akaanzishiwa dawa za saratani kwa dripu. Baada ya wiki moja shavu lilikuwa linashuka. Kila jioni tuliomba kando ya kitanda, na hakuna muuguzi aliyetukataza.

Ndugu msomaji, ugonjwa huu una historia hapa kwetu West Nile. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Alikuwa na jicho moja tu, na alikuwa Mkristo wa kusoma Biblia na kuomba kila siku. Mwaka 1957 alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Angeweza kusema ni mapenzi ya Mungu akaishia hapo. Yeye aliuliza: kwa nini watoto hawa, na kwa nini mahali hapa?

Mwaka 1961 alinunua gari kuukuu la Ford, akasafiri kwa wiki kumi, kiasi cha kilomita 16,000, akiingia hospitali moja baada ya nyingine kuuliza kama uvimbe huo unaonekana huko. Mmoja wa wenzake wawili katika safari hiyo alikuwa Dk. Ted Williams, mmisionari wa hospitali ya Kuluva, hapo kusini mwa mji wa Arua. Waligundua kwamba uvimbe unapatikana zaidi kwenye joto na mvua nyingi, na nyanda za juu zenye baridi hazina. Ndiyo njia iliyoelekeza macho kwenye malaria. Mwaka 1964 wataalamu wa London walitangaza kuona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Kati ya 1972 na 1974 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu kwa ajili ya utafiti wa kirusi hicho. Huenda wewe msomaji wa miaka hamsini na kitu ulikuwa mmoja wao.

Williams aliendelea kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa Kuluva, kijiji kwa kijiji, mwaka kwa mwaka. Kwa watu hawa, kuuliza na kuandika hakukuwa kumkana Mungu.

Sisemi Mchungaji wetu ni mtu mbaya. Sisi tuliokimbia baada ya 1979 tunajua imani yake ilikotoka. Mimi nilianza shule upande wa Zaire. Mtoto akiugua usiku hapakuwa na dawa wala gari, na tulichokuwa nacho ni maombi. Maombi yalitulea, na hadi leo siyaachi. Kosa letu ni kwamba tuliporudi nyumbani tuliifanya dharura ile kuwa mafundisho. Tulichokifanya kwa kukosa hospitali, sasa tunakifanya hospitali ikiwepo, na tunakiita imani.

Biblia yenyewe haitufundishi hivyo. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na bado nabii Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Luka alikuwa tabibu. Na yule aliyemshauri Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu ili malaika wamdake, sote tunamjua ni nani.

Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Baadhi ya waliokuwa na virusi vya Ukimwi waliacha dawa zao. Habari ya uponyaji ilivuka mipaka haraka kuliko habari ya waliozidiwa.

Ya kwetu nayo ilivuka. Wiki chache baada ya Jumapili ile, mama mmoja alifika Lurujo kutoka upande wa Congo, mtoto mgongoni, shavu limevimba. Alikuwa ameisikia habari sokoni Ariwara. Akaniuliza, "Mwalimu, yuko wapi mchungaji mwenye mafuta ya taya?"

Nilimkalisha, nikamsimulia yote, pamoja na dripu na siku kumi na mbili nilizopoteza. Nilimwandikia jina la hospitali kwenye karatasi ya daftari. Tukaomba pamoja, kisha nikamwitia bodaboda. Mpaka leo sijamwona tena.

Jumapili iliyofuata niliomba kipaza sauti, nikamalizia ushuhuda wa dada. Wengine walinuna. Ninyi mnaovuka mpaka kila siku ya soko, mnabeba habari pamoja na mizigo. Habari ya uponyaji mkiibeba, ibebeni nzima.