Chembe za Fedha na Nuru Iliyokwama

Mwezi Machi 2011 barabara ya vumbi iendayo Samunge, wilayani Ngorongoro, ilijaa magari. Maelfu ya watu walikwenda kunywa kikombe cha dawa kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Dawa yenyewe si mada yetu. Tunaitaka ile foleni tu. Wengi walingoja kwa siku kadhaa, na baadhi ya wagonjwa walifariki kabla ya kufika.

Foleni ya namna hiyo imo pia katika vioo vya baadhi ya simu, vile ambavyo nuru yake hutolewa na tabaka za kemikali za kaboni. Kifaa hicho kilielezwa mwaka 1987 na Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, Marekani. Unene wa tabaka hizo ni kama nanomita 100 tu. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Umeme ukipita, molekuli hupata nishati, kisha huitoa kama nuru. Lakini katika kifaa cha kawaida, ni kama sehemu moja tu ya tano ya nuru hiyo itokayo nje. Nyingine hunaswa ndani ya kioo, na nyingine humezwa na metali iliyo nyuma yake, ikawa joto. Tena, molekuli ingojayo mno huku imebeba nishati huweza kuvunjika, hasa ile ya rangi ya buluu.

Hapa ndipo chembe ndogo za metali zinapofaa. Elektroni zake hutikisika pamoja kwa mdundo maalumu. Kwa sababu hiyo dhahabu, iliyo ya manjano katika pete, huwa nyekundu ikiwa chembe ndogo majini, jambo alilolichunguza Michael Faraday mwaka 1857. Mdundo huo ukilingana na wa nuru, chembe huwa kama antena: hupokea nishati iliyokwama na kuirusha nje. Ila chembe ikigusana na molekuli huizima kabisa. Hapana budi kuzitenga kwa tabaka nyembamba.

Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Universal Display walifanya kinyume cha desturi. Badala ya kuiepusha molekuli na metali, waliisogeza karibu na utando wa fedha ili uipokonye nishati upesi, kabla haijavunjika. Kisha vijichemraba vya fedha, vilivyowekwa upande wa pili wa utando, viliirudisha nishati hiyo kuwa nuru. Kwa mng'ao ule ule, kifaa kilidumu mara mbili. Nishati iliyorudishwa kutoka katika fedha ilikuwa asilimia 16.