Nyumba Zilizobaki Zimesimama

Wasomaji wetu wa Kagera hawajasahau Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016. Yapata saa tisa na nusu alasiri nchi ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9, hata Uganda na Rwanda wakasikia. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia wakaumia, na shule za Ihungo na Nyakato zikabomoka hata zikafungwa kwa muda.

Lakini twataka kunena habari za nyumba ambazo hazikuanguka. Mtu ambaye nyumba yake imekuwa kifusi hana shaka: atalala nje. Mwenye kuta zilizosimama na nyufa ndani yake ana taabu ya namna nyingine. Jioni inapofika, mvua zi karibu, watoto wasinzia, chakula na nguo vi ndani, naye baba wa nyumba hajui kama aingie au akae uani. Wengi walilala nje siku zile, na wako waliowacheka. Sisi hatuwacheki hata kidogo.

Maana nchi haitulii mara moja. Miamba iliyovunjika huko chini yajipanga upya, na ijipangapo huleta matetemeko mengine, madogo kwa kawaida. Mwaka 1894 mtaalamu wa Kijapani, Omori, alionyesha jinsi yapunguavyo: siku ya kumi huwa karibu sehemu moja ya kumi ya yale ya siku ya kwanza. Hesabu hiyo yafariji, ila isitupumbaze. Hupungua wingi wake, wala si lazima yapungue nguvu. Hata baada ya majuma laweza kuja moja kubwa, na ukuta uliokwisha kupasuka hauwezi kulistahimili. Wala hapana mtu awezaye kutaja siku na saa yake. Ajaye mlangoni na habari hiyo, mpeni maji ya kunywa, aende zake.

Basi kuta zitazamwe mchana, pamoja na fundi, kwanza kwa nje. Ufa mwembamba kama unywele, ulio katika lipu tu, si neno. Ufa upitao mshazari kutoka pembe ya dirisha, ambao kidole chaingia, ni habari nyingine. Na ukuta ulioinama, au pembe ya nyumba iliyoachana, msilale chini yake hata usiku mmoja. Penye shaka, chora mstari kwa kalamu ya risasi mwisho wa ufa, uandike na tarehe. Ufa ukiupita mstari, hameni. Kuuziba kwa lipu na chokaa ni kuuficha tu.

Zilizoumia sana ni nyumba za matofali zisizofungwa kwa mkanda wa zege juu ya madirisha. Nyumba ya miti na udongo hupinda kidogo, na msonge wa Wahaya hauna tofali la kumwangukia mtu. Hatusemi watu wairudie misonge. Twasema atakayejenga upya asiuache mkanda kwa ajili ya kupunguza gharama.

Nanyi waalimu, mtoto aliyeona ukuta ukianguka hushtuka hata lori likipita. Akikimbia nje asipigwe wala asiaibishwe. Aliye karibu na mlango atoke; aliye mbali aingie chini ya dawati imara na kushika miguu yake. Na darasa lenye ufa wa shaka liachwe tupu, masomo yafanyike chini ya mti mpaka fundi aje.