Joto Kwanza, Memori Baadaye

Mwaka 2021, kando ya Ziwa Turkana, lilikamilika jengo la kufundishia vijana kazi za kompyuta ambalo minara yake mirefu huonekana kutoka mbali. Msanifu wake, Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyetunukiwa Tuzo ya Pritzker mwaka uliofuata, aliichora minara hiyo kwa mfano wa vichuguu vya mchwa vilivyotapakaa katika eneo hilo. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na hewa safi huingia kupitia matundu ya chini. Waliopanga chuo hicho cha Startup Lions waliwafikiria wanafunzi, lakini walizifikiria pia mashine zao, kwa sababu joto na vumbi la Turkana hufupisha maisha ya kompyuta.

Vijana wengi wa mji wa Lodwar na wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma hawana minara hiyo. Wanafanya kazi katika vyumba vya mabati, kwenye laptopu zilizotumika katika ofisi za ng'ambo na kuuzwa Nairobi kwa jina la ex-UK: HP EliteBook 840, Lenovo ThinkPad za T na za X, Dell Latitude. Ni mashine nzuri. Zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni yenye mafundi wao wenyewe, kwa hiyo nyingi hufunguka kwa bisibisi moja na vipuri vyake hubadilishika. Zikianza kusuasua, ushauri wa kwanza kutoka kwa muuzaji yeyote ni kuongeza RAM, yaani memori. Ushauri huo si mbaya, ila kwa Turkana umeruka hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni joto lenyewe. Kichakataji hakipozwi na feni peke yake. Hupozwa na tofauti kati ya joto lake na joto la hewa inayokipitia. Vichakataji vingi vya Intel vya laptopu hizi vina kikomo cha nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Katika ofisi ya London yenye nyuzi 20, kuna nafasi ya nyuzi 80 za kuchezea. Katika chumba cha Lodwar chenye nyuzi 38 saa nane mchana, zimebaki 62. Karibu robo ya uwezo wa kupoa imepotea kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kuwashia.

Juu ya hayo kuna vumbi. Ndani ya laptopu, bomba la shaba hubeba joto kutoka kwenye kichakataji hadi kwenye mapezi membamba ya metali yaliyo mbele ya feni, na hapo ndipo vumbi la Turkana huja kulala. Likijaa, feni huunguruma bila hewa kutoka. Nayo pesti ya kupitishia joto, ile ya kijivu iliyopakwa kati ya kichakataji na shaba, hukauka na kupasuka baada ya miaka kadhaa. Kichakataji kikikaribia kikomo chake hupunguza kasi chenyewe ili kisiungue. Mwenye mashine huona Chrome ikikwama na kudhani memori ni ndogo, kumbe mashine inajiokoa.

Tiba yake ni nafuu kuliko kipuri chochote: tyubu ndogo ya pesti, brashi laini, spiriti ya kusafishia na hewa ya kupuliza. Feni ishikiliwe kwa kidole wakati wa kupuliza, kwa kuwa ikizungushwa kwa nguvu huharibu beringi zake. Umeme ukatwe kwanza, na hapa ThinkPad nyingi kuanzia T440 ya mwaka 2013 zina msaada mzuri: katika BIOS kuna sehemu ya kuizima betri ya ndani bila kufungua kitu. Hewa kavu ya Turkana huzalisha umeme tuli kwa urahisi, hivyo fundi aguse chuma kabla ya kugusa ubao mama. Kazi hii yote huchukua chini ya saa moja, na kwa mashine iliyopitisha miaka mitatu Kakuma ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa pesa iliyotumika.

Hatua ya pili ni diski. Laptopu ambayo bado ina diski ngumu ya kizamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au zaidi kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi nyembamba mno. Ikisoma faili moja kubwa, hufikia megabaiti 100 hivi kwa sekunde. Lakini Windows inapoamka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, kichwa hurukaruka huku na huku, na kasi huanguka hadi megabaiti moja hivi kwa sekunde. SSD, diski ya kisasa, haina kinachozunguka wala kinachorukaruka. Ile inayotumia kiunganishi cha SATA hufika megabaiti 550 kwa sekunde, na kwenye vipande vidogo huiacha diski ya zamani mbali sana. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka sasa huwaka mtu akivuta kiti.

Kwa Kakuma kuna sababu nyingine isiyohusu kasi. Laptopu inayosafiri kwa bodaboda kati ya kambi na makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, hutikiswa kila siku. Diski ya sahani ikitikiswa wakati inazunguka, kichwa kinaweza kugusa sahani na kazi ya miaka ikapotea. SSD haijali mtikisiko huo.

Mwenye pesa ya kipuri kimoja tu anunue SSD, na gigabaiti 256 humtosha mtu wa kawaida. Baadhi ya mashine, mfano EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016, zina pia nafasi ya M.2 inayokubali SSD za NVMe, ambazo kasi yake hutangazwa kuwa hadi megabaiti 3,500 kwa sekunde. Wauzaji huipigia debe sana kasi hiyo. Kwa mtu anayeandika, anayefanya hesabu na kutumia mtandao, tofauti kati ya NVMe na SATA haionekani kwa macho, na NVMe hupata moto zaidi. Katika joto hili SATA inatosha. Tahadhari moja: SSD ya M.2 ya SATA na ya NVMe zinafanana umbo, na mashine inayokubali moja si lazima ikubali nyingine. Aina inayokubaliwa ithibitishwe kabla ya kulipa.

Kuthibitisha huko kuna uzito wa pekee Turkana. Kutoka Nairobi hadi Lodwar kwa barabara, kupitia Kitale, ni zaidi ya kilomita 600, na Kakuma ni 120 hivi mbele zaidi. Kwa mkimbizi, ambaye kusafiri nje ya kambi kunahitaji kibali, kwenda mwenyewe mtaa wa Luthuli Avenue jijini Nairobi kulinganisha vipuri si jambo la kuamka asubuhi na kuondoka. Huagiza kwa simu na kusubiri kifurushi. Kipuri kisichoingia humgharimu nauli ya kwenda, ya kurudi na siku kadhaa za kazi.

Ndiyo maana memori, hatua ya tatu, inahitaji macho zaidi kuliko mikono. Kuipachika ni kazi ya dakika tano. Kosa hutokea kwenye kuagiza. Mtu akisema tu "nataka RAM ya nane", anaweza kuletewa moja ya aina tatu. DDR3 hutumia volti 1.5. DDR3L hutumia volti 1.35. DDR4 hutumia volti 1.2, ina pini 260 badala ya 204, na pengo lake liko mahali pengine, kwa hiyo haiingii kabisa kwenye nafasi ya DDR3. Hatari iko kwa zile mbili za kwanza, kwa sababu umbo ni lilelile. Kipande cha DDR3 ya kawaida kitaingia vizuri kwenye ThinkPad T450, lakini mashine hiyo inataka DDR3L pekee na haitawaka. Kwenye lebo, DDR3L huandikwa PC3L na DDR3 ya kawaida huandikwa PC3, herufi moja tu. Njia salama ni kufungua mashine, kuipiga lebo picha na kumtumia muuzaji kwa WhatsApp.

Vilevile zihesabiwe nafasi. T440 ina gigabaiti 4 zilizochomelewa kwenye ubao na nafasi moja tu, T440p ina nafasi mbili, na X240 ina moja. Mbili zinapokuwepo, vipande viwili vya 4 hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha 8, kwa kuwa kichakataji huvisoma kwa pamoja, na picha zinazoonyeshwa kwenye skrini hutegemea memori hiyohiyo. Gigabaiti 8 ndizo za kulenga. Kumi na sita ni za wanaohariri video au kuandika programu, na bei za DDR4 zilipanda sana mwishoni mwa 2025 baada ya viwanda kuelekeza nguvu kwenye memori za vituo vya akili bandia.

Kipuri kinachosahaulika ni betri, nacho katika mji wenye umeme wa kukatika ni sehemu ya mashine sawa na diski. Kwa miaka mingi Lodwar ilipata umeme wa mitambo ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Kakuma wafanyabiashara wenye jenereta huwauzia majirani, na Kalobeyei kuna mitambo midogo ya sola. Mwenye laptopu yenye betri hai huendelea na kazi umeme ukizimika. Mwenye betri mfu hupoteza alichokuwa akiandika, na mzimiko wa ghafla wakati faili inaandikwa huweza kuharibu mfumo mzima.

Joto ndilo adui mkubwa wa betri za lithiamu, na hudhuru zaidi betri ikiwa imejaa. Takwimu zinazotumika sana katika fani hii zinaonyesha kwamba betri iliyowekwa mwaka mzima ikiwa imejaa, katika nyuzi 40, hubaki na asilimia 65 hivi ya uwezo wake. Ikiwekwa katika joto hilohilo ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubaki na 85. Lenovo huruhusu kuweka kikomo cha chaji, tuseme asilimia 80, na kwenye Linux programu ya TLP hufanya kazi hiyo kwa ThinkPad. Kwa Turkana kikomo hicho kiwekwe siku mashine inapofika. ThinkPad nyingi za kati ya T440 na T480 zina neema nyingine: betri mbili, ya ndani na ya nje, hivyo ya nje hubadilishwa mashine ikiwa inawaka. Betri iliyovimba, inayoinua kibodi au kipanya cha mguso, itolewe siku hiyohiyo, isitobolewe wala kuchomwa pamoja na taka.

Chaja nayo isidharauliwe. Dell huweka kitambulisho ndani ya chaja zake. Laptopu isipokitambua, betri haijazwi na kichakataji hupunguzwa kasi, na mtu anaweza kununua SSD na memori bila kuona nafuu, tatizo likiwa waya wa pembeni.

Kuna visivyobadilika. Vichakataji vya mashine hizi nyembamba vimechomelewa kwenye ubao mama, na hapo ndipo Windows 11 inapoweka mpaka: kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita na ThinkPad T470 ni ya saba kwa kawaida, zote nje ya mpaka, hata zikijazwa memori. T480 na 840 G5, za mwaka 2018, kwa kawaida zimo ndani. Kwa anayenunua sasa tofauti hiyo inafaa kulipiwa. Kwa aliye nayo tayari, Linux Mint huipa 840 G3 yenye SSD na gigabaiti 8 miaka mingine ya kazi halali na salama.

Na kabla ya kulipia mashine yoyote ya ex-UK, iwashwe na kuingizwa kwenye BIOS mbele ya muuzaji: F1 kwa Lenovo, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikidai nenosiri la msimamizi, muuzaji alitoe au mnunuzi aondoke. Anayeagiza akiwa Kakuma adai video ya hatua hiyo. Programu ya CrystalDiskInfo nayo ionyeshe diski imefanya kazi saa ngapi.

Vipuri vinavyotolewa vina soko. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba Kakuma ilikuwa na biashara zaidi ya 2,000, na kipande cha gigabaiti 4 kilichovuliwa kwenye mashine moja huikomboa nyingine. Diski ya zamani huwekwa kwenye kasha la USB ikawa ya kuhifadhia nakala. Ikiwa itauzwa, ifutwe kwanza kwa kuandikwa upya yote, si kwa kufuta mafolda tu, kwa maana katika mji huu diski moja huweza kubeba vyeti vya shule, picha za vitambulisho na barua za hifadhi za familia nzima.